Kufundisha Habari za Mnyama Asiyeonwa na Mtu: Somo la Elafrosauri wa Tendaguru

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kutazama mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Tulikaa nyuma ya darasa la tano, na mwalimu-mwanafunzi aliyekuwa mbele yetu alikuwa akifundisha habari za dinosaria wa Tendaguru. Somo lilikuwa limeandaliwa kwa bidii. Picha kubwa ilichorwa kwa chaki za rangi, ubao ulikuwa safi, na sauti ya mwalimu ilifika hadi dawati la mwisho. Alipofika kwa mnyama aitwaye Elafrosauri alisema, "Huyu alikuwa mla nyama, mwenye meno makali kama kisu." Mtoto mmoja wa kike akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, nani aliyeyaona hayo meno?" Darasa likacheka. Mwalimu akamwamuru akae chini asipoteze wakati wa wenzake, na somo likaendelea.

Kipindi kilipokwisha tulikaa na mwalimu yule chini ya mwembe. Hatukuwa na la kumlaumu juu ya zana zake wala juu ya sauti yake. Lakini hatukuwa na budi kumweleza jambo moja, ambalo hata sisi tulichelewa kulijua: swali la mtoto yule lilikuwa ndilo somo lenyewe. Meno ya Elafrosauri hayajaonwa na mtu yeyote. Kichwa chake hakijapatikana.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunataka kumpa mwalimu-mwanafunzi maarifa ya kutosha juu ya dinosaria huyu, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Pili, tunataka kuonyesha jinsi mnyama huyu mmoja, kwa sababu ya upungufu wa mifupa yake, anavyoweza kuwafundisha watoto kutenganisha mambo matatu: tunaloliona, tunalolikisia kwa sababu, na tusilolijua.

Mahali na watu

Kilima cha Tendaguru kiko katika Mkoa wa Lindi, yapata kilometa 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona katika sehemu hizo mifupa mikubwa mno iliyojitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuitazama, akathibitisha kwamba ilikuwa mifupa ya dinosaria. Kisha, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji mkubwa chini ya wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig.

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba watu wawili walichimba kilima kizima kwa mikono yao. Mwalimu asiishie hapo. Waliochimba, waliosafisha na waliobeba mifupa walikuwa Waafrika, na katika mwaka 1911 idadi yao ilikaribia 500. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na majeraha yake kusini yalikuwa hayajapona. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye baadaye alifanya kazi pia na Waingereza waliochimba mahali pale kuanzia mwaka 1924. Mifupa ilifungwa kwa uangalifu, mingine ndani ya mianzi, ikabebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Kwa jumla zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Mwaka 2019 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa watu walioongoza kazi ile.

Mifupa ya Elafrosauri iko Berlin hata leo, katika jumba lile lile ambamo umesimamishwa mfupa mzima wa yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan, ambaye kimo chake kinapita mita 13. Mtoto akiuliza kwa nini vitu vya Lindi viko Berlin, ajibiwe kwa ukweli: vilichukuliwa wakati nchi ilipokuwa koloni la Wajerumani. Hilo nalo ni jambo lenye ushahidi, na halina haja ya kufichwa.

Kilichopatikana

Mwaka 1920 Janensch aliandika habari za mifupa ya mnyama mmoja ambaye hakufanana na wale wakubwa waliojulikana. Alimwita Elaphrosaurus bambergi. Jina la kwanza linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi mwepesi. La pili ni kwa heshima ya Paul Bamberg, aliyesaidia safari ile kwa fedha. Katika makala haya tunaliandika jina hilo kwa matamshi yetu, Elafrosauri, na tunashauri mwalimu afanye hivyo hivyo ubaoni, kisha aliandike mara moja lile la kitaalamu ili watoto walitambue wakilikuta kitabuni.

Sehemu zilizopatikana ni hizi: pingili nyingi za shingo, za mgongo na za mkia, mifupa ya nyonga, mguu wa kushoto ulio karibu mzima, na baadhi ya mifupa ya bega na mkono. Kichwa hakikuwamo. Mfupa mzima uliposimamishwa katika makumbusho, kichwa kilifinyangwa na mafundi kwa kufuata vichwa vya wanyama waliodhaniwa kuwa jamaa zake. Hapo pana fundisho kubwa kwa mwalimu: hata katika makumbusho, sehemu nyingine ni mfupa na sehemu nyingine ni kazi ya fundi, na mtazamaji asiyeuliza hawezi kuzitofautisha.

Mifupa inavyosema

Mwindaji hodari hutazama nyayo katika mchanga akajua aina ya mnyama aliyepita na kama alikimbia au alitembea. Hakumwona mnyama, lakini hasemi kwa kubahatisha. Wataalamu wa visukuku nao hufanya kazi ya namna hiyo, na ni vizuri mwalimu aifuate hatua kwa hatua badala ya kutoa jibu peke yake.

Tuanze na ukubwa. Kwa kupanga pingili zilizopo na kukadiria zilizopotea, wataalamu wamepata urefu wa mita 6 na kitu, kutoka ncha ya pua inayodhaniwa hadi ncha ya mkia. Kimo chake nyongani kilikuwa karibu mita moja na nusu, na uzito wake hukadiriwa kuwa kiasi cha kilo 200. Kwa hiyo alikuwa dinosaria wa kadiri tu, na sehemu kubwa ya urefu wake ilikuwa shingo nyembamba na mkia.

Sasa tuitazame miguu. Mfupa wa paja una zaidi kidogo ya sentimita 52, na mfupa wa muundi una karibu sentimita 61. Muundi, basi, ni mrefu kuliko paja. Mifupa ya wayo nayo ni mirefu, inafikia karibu robo tatu ya urefu wa paja. Tunapowachunguza wanyama walio hai twaona kwamba mbuni, ambaye ni mkimbiaji mashuhuri, ana paja fupi, muundi mrefu na wayo mrefu. Misuli mizito hukaa juu karibu na mwili, na sehemu ya chini ya mguu huwa nyepesi, hivyo hurushwa mbele kwa haraka. Kwa sababu hiyo wataalamu wamesema kwamba Elafrosauri alikuwa na miguu ya mbio. Angalia kwamba hili si jambo lililoonwa, ni kisio. Lakini ni kisio lenye mizizi, kwa maana limejengwa juu ya vipimo ambavyo mtu mwingine anaweza kuvirudia.

Je, alikula nyama?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Tangu mwaka 1920 vitabu vingi vimemweka Elafrosauri miongoni mwa dinosaria walao nyama. Sababu ilikuwa ni ukoo. Alitembea kwa miguu miwili, na umbo la nyonga na miguu yake ni la kundi lile la dinosaria ambalo wengi wake walikuwa na meno yaliyochongoka, yenye makali ya msumeno. Meno makubwa ya namna hiyo yamepatikana hapo hapo Tendaguru, ingawa ni ya wanyama wengine wakubwa zaidi. Ikasemwa: kundi lake ni la walao nyama, basi naye alikula nyama.

Hoja hiyo si ya kipuuzi, ila haitoshi. Mtoto wa mvuvi si lazima awe mvuvi. Katika wanyama walio hai, panda wa Uchina ni wa ukoo wa dubu, na jamaa zake wengine hula nyama, lakini chakula chake yeye ni mianzi.

Mambo yaliyofuata yameongeza shaka. Mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za dinosaria mdogo aliyepatikana Xinjiang, kaskazini-magharibi ya Uchina, wakamwita Limusaurus. Huyu alipatikana na kichwa chake. Mwaka 2016 ikaonyeshwa kwamba watoto wa mnyama huyo walikuwa na meno, lakini walipokua meno yalitoweka, wakabaki na mdomo usio na jino hata moja. Tena, ndani ya matumbo ya baadhi yao palikuwa na vijiwe vidogo, kama vile tunavyoviona tukipasua firigisi la kuku. Dalili hizo zaelekeza kwenye mnyama aliyekula majani na mbegu alipokuwa mkubwa.

Mwaka huo huo wa 2016, wataalamu Oliver Rauhut na Matthew Carrano waliichunguza upya mifupa ya Elafrosauri mmoja mmoja. Waliona kwamba jamaa yake wa karibu ni huyo huyo Limusaurus. Waliona pia kwamba shingo yake ndefu haikuweza kupindika sana kwenda juu na chini, kama tungetarajia kwa mnyama wa kukamata na kurarua windo kubwa.

Je, twaweza kusema sasa kwamba Elafrosauri alikula majani? La, hasha. Tukisema hivyo tutarudia kosa lile lile kwa upande wa pili. Huenda alikula wanyama wadogo wadogo. Huenda alikula majani. Huenda alikula vyote viwili, kama kuku anavyodonoa nafaka na sisimizi. Jibu la kweli ni hili: walimwita mla nyama kwa sababu ya ukoo wake, sababu hiyo imepungua nguvu, na siku kichwa kitakapopatikana tutajua zaidi.

Jinsi ya kuendesha somo

Somo hili lafaa darasa la tano au la sita, kwa vipindi viwili. Zana zake ni kamba, fimbo, tepu ya kupimia au rula, na mifupa ya mguu wa kuku iliyochemshwa, ikasafishwa na kukaushwa juani.

Hatua ya kwanza ni wakati. Watoto husikia "miaka milioni 150" kama wanavyosikia "zamani za kale", na wengi hudhani babu wa babu zao walikimbizwa na dinosaria. Watoke uwanjani. Mtoto mmoja asimame mlangoni mwa darasa: hapo ni leo. Kila hatua moja ni miaka milioni moja. Hatua moja na robo tatu, tumefika kwa Zinjanthropus wa Olduvai. Chini ya hatua nne, tumefika kwenye nyayo za Laetoli. Hatua 66, tumefika wakati dinosaria wakubwa walipotoweka. Watembee hadi hatua 150, na huko ndiko aliko Elafrosauri, katika kipindi ambacho wataalamu hukiita Jurasi. Kisha wageuke nyuma watazame mlango ulivyo mbali. Watu wa namna yetu sisi wameishi chini ya theluthi ya hatua moja.

Hatua ya pili ni ukubwa. Kamba ya mita 6 ilazwe chini, na fimbo ya mita moja na nusu isimamishwe katikati yake kuonyesha kimo cha nyonga. Watoto wasimame kando yake wajipime. Wengi watashangaa kuona kwamba nyonga ya dinosaria huyu haiwapiti kwa mbali, maana katika mawazo yao dinosaria wote ni kama milima.

Hatua ya tatu ni miguu. Watoto wafanye kazi wawili wawili. Kila mmoja apime paja la mwenzake, tangu mfupa wa nyonga unaojitokeza pembeni hadi goti, kisha muundi tangu goti hadi kifundo. Wataona kwamba kwetu sisi paja ni refu kuliko muundi. Kisha wapime mifupa ya kuku, nao wataona kinyume chake. Hapo mwalimu aandike ubaoni vipimo vya Elafrosauri, sentimita 52 na sentimita 61, aulize: mguu huu wafanana na wa nani?

Mtoto mwerevu atasema, "Kuku naye ana muundi mrefu, mbona si mkimbiaji kama mbuni?" Hilo ni swali jema kabisa. Mwalimu alipokee kwa furaha. Litawafundisha watoto kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Urefu wa wayo nao hutazamwa, na mwili mzima, na wanyama wengi hulinganishwa kabla ya kutoa neno.

Hatua ya nne ndiyo kilele cha somo. Mwalimu achore ubaoni safu tatu. Juu ya safu ya kwanza aandike TUMEONA. Ya pili, TWAKISIA KWA SABABU. Ya tatu, HATUJUI. Watoto watoe sentensi, na darasa lijadiliane kila sentensi iwekwe wapi. "Muundi ni mrefu kuliko paja" itakwenda safu ya kwanza. "Alikuwa na mbio" itakwenda ya pili, na sababu yake iandikwe kando. "Alikuwa na rangi ya kijani" itakwenda ya tatu, hata kama katika picha ya kitabu amepakwa kijani. "Alikula nyama" ndiyo itakayoleta ubishi. Mwalimu asiharakishe kuukata ubishi huo. Kazi yake ni kudai sababu kutoka kila upande.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kufundisha picha badala ya mifupa. Picha ya dinosaria ni kisio la mchoraji. Nyingine ni kisio zuri, nyingine ni ndoto. Mwalimu aoneshaye picha aseme wazi ni sehemu gani inayotokana na mifupa.

Kosa la pili ni lile la kinyume chake. Mwalimu aliyekwisha kugundua kwamba wataalamu hubadili mawazo anaweza kuwaambia watoto, "Basi hawa hawajui lolote, wanabuni tu." Sivyo hata kidogo. Urefu wa muundi haukubadilika tangu mwaka 1920. Kilichobadilika ni maelezo, nayo yalibadilika kwa sababu ushahidi mpya ulipatikana. Asiyebadili neno lake mbele ya ushahidi hatumwiti mwanasayansi.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote, nalo ni woga wa kusema "Sijui." Wengi wetu tulilelewa tukidhani kwamba mwalimu akikiri kutojua, heshima yake imeanguka. Kwa hiyo tunajaza pengo kwa maneno yenye sauti kubwa, na mtoto anayeuliza tunamfanya mkorofi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mara ngapi tumewafanya watoto waone kwamba ni ujinga? Mtoto aliyechekwa leo kwa swali la meno ya dinosaria, kesho hatauliza juu ya dawa anayoambiwa anywe, wala juu ya hesabu ya fedha anayoambiwa atie sahihi.

Hitimisho

Mwalimu yule wa mazoezi alirudi darasani juma lililofuata, nasi tukakaa tena nyuma. Picha ya chaki za rangi ilikuwa bado ipo, ila kichwa alikuwa amekifuta. Aliandika ubaoni: "Nani aliyeyaona hayo meno?" Akamtaja mtoto aliyeuliza, akasema kwamba swali hilo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake siku ile, na kwamba leo watalitafuta wote pamoja. Darasa halikucheka. Mikono iliyonyoshwa siku hiyo ilikuwa mingi kuliko tulivyoweza kuihesabu, na kipindi kilikwisha kabla haijafikiwa yote.

Tunawaomba wanachuo wenzetu mkalijaribu somo hili katika mazoezi yenu yajayo. Sehemu ya kichwa iacheni wazi.